Kusoma tashtiti za Jókai kuhusu Waslovakia, 1848–1849: toleo la kitaaluma, hifadhi ya kulipia na maktaba za bure

Mtu anayetaka kujua Mór Jókai, mwandishi wa Hungaria, aliwachoraje Waslovakia katika safu zake za dhihaka wakati wa vita vya 1848–1849, Hungaria ilipopigana na ukoo wa Habsburg uliotawala kutoka Vienna, ana njia tatu za kuyafikia maandishi yenyewe. Ya kwanza ni toleo la kitaaluma la makala na hotuba zake, lililochapwa na Akadémiai Kiadó ya Budapest. Ya pili ni Arcanum, hifadhi kubwa ya kidijitali ya magazeti ya Hungaria, ambayo kurasa zake husomwa kwa kulipia. Ya tatu ni maktaba za taifa za Hungaria, Slovakia na Austria, ambazo zimeweka hazina zao mtandaoni bure. Hapa zinapimwa kwa kazi hiyo moja tu. Ukiwa na haraka, jibu ni hili: anza na toleo la kitaaluma, kagua kurasa halisi kwenye Arcanum, na usitoe hukumu yoyote kabla hujasoma waliyoandika Waslovakia wenyewe.

Kabla ya kulipia chochote, jua unatafuta magazeti gani. Jókai alizaliwa mwaka 1825 Komárom, mji wa kando ya Danube ambao sehemu yake ya kaskazini leo ni Komárno, ndani ya Slovakia. Utotoni alipelekwa Pozsony, yaani Bratislava ya leo, akajifunze Kijerumani. Mwaka 1847 alishika uhariri wa Életképek, jarida la kila wiki la Pest, sehemu ya Budapest ya leo, na kuanzia mwisho wa Aprili 1848 mshairi Sándor Petőfi akawa mhariri mwenzake. Serikali ya Hungaria ilipokimbilia mji wa Debrecen, mashariki, mnamo Januari 1849, Jókai aliifuata, na tarehe 22 Februari 1849 akaanza kuhariri Esti Lapok, gazeti la jioni. Haya mawili hayana hasira ya aina moja. Életképek ya 1848 ni sauti ya vijana wa mapinduzi ya Machi, waliokuwa wametoka tu kuondolewa udhibiti wa serikali. Esti Lapok ni gazeti la kundi lililotaka suluhu na Vienna, na adui wake wa kila siku alikuwa Mhungaria mwenzake: Albert Pálffy na gazeti lake la msimamo mkali, Márczius Tizenötödike. Anayefungua Esti Lapok akitarajia kila ukurasa umjeruhi Mslovakia atashangaa kuona mishale mingi ikirushwa Debrecen kwenyewe. Uwiano huo ni sehemu ya jibu, nao hupotea kabisa katika vitabu vinavyokusanya dondoo za chuki peke yake.

Inafaa pia kukumbuka kwamba waliocheka na waliochekwa hawakuwa wageni kwa wageni. Mama yake Petőfi, Mária Hrúz, alikuwa Mslovakia. Familia za wenye ardhi wa kaskazini mwa Hungaria, yaani Slovakia ya leo, zilikuwa na ndugu waliochagua pande tofauti. Hata Lajos Kossuth, kiongozi wa Hungaria katika vita hivyo, alikuwa na ami yake aliyesimama na Waslovakia. Dhihaka hii iliandikwa na watu waliozijua nyimbo, biashara na lafudhi za jirani zao, ndiyo maana inauma kuliko kejeli ya mtu wa mbali.

Sasa toleo la kitaaluma. Mfululizo mzima wa kazi za Jókai una makumi ya juzuu, na nyingi ni riwaya. Kinachohitajika hapa ni kikundi kinachoitwa Cikkek és beszédek, yaani makala na hotuba, ambacho juzuu zake tatu za kwanza zilihaririwa na László Szekeres. Juzuu ya kwanza, ya 1965, inahusu miaka ya mwanzo hadi mapinduzi. Ya pili, ya 1967, inachukua mwaka 1848. Ya tatu, ya 1980, inachukua 1849. Unaponunua katika duka la vitabu vya zamani taja jina la kikundi pamoja na mwaka, kwa sababu kuagiza "juzuu ya pili ya Jókai" kunaweza kukuletea riwaya. Mwenye fedha kidogo achukue ya pili. Ndiyo inayobeba miezi ambayo Waslovakia waligeuka kutoka wadai haki na kuwa, machoni pa Pest, maadui wenye silaha.

Thamani ya toleo hili iko nyuma ya kitabu. Maandishi ya dhihaka ya 1848 yanataja watu kwa jina la utani, yanagusa kesi iliyosikika juzi, yanajibu gazeti lisilotajwa. Bila maelezo ya mhariri, nusu ya utani huo ni giza. Njia nzuri ni kusoma kila kipande mara mbili: kwanza bila maelezo, uone mwandishi alikusudia msomaji acheke wapi, kisha pamoja na maelezo, uone anayechekwa ni nani hasa. Ukianza na maelezo utaelewa kila kitu ila hutasikia mlio wa sauti.

Jambo la kuangalia kwa makini ni sahihi ya mwandishi. Vipande vingi vya safu za dhihaka, hasa katika gazeti la kila siku, havikutiwa jina, na mhariri wa kisasa hulazimika kupima kwa mtindo na mazingira. Kwa hiyo usiseme "Jókai aliandika" kwa kila kipande kilichotoka katika gazeti alilolihariri. Sema "gazeti la Jókai lilichapisha" mpaka maelezo yakupe uhakika zaidi. Wanafunzi wengi huanguka hapa, na kosa hili likishaingia kwenye tasnifu ni vigumu kulitoa.

Upungufu wa toleo ni mmoja, na ni mkubwa kwa kazi hii: limekikata kipande kutoka kwenye ukurasa wake. Katika gazeti, utani juu ya Hurban, mmoja wa viongozi wa Waslovakia, ulikaa jirani na habari za vita na matangazo ya serikali, na msomaji wa siku ile aliuona ukiwa umezungukwa na hofu. Kitabuni unakaa peke yake kama kichekesho cha mezani. Hapo ndipo Arcanum inapohitajika.

Lakini kabla ya Arcanum tengeneza kalenda. Chukua karatasi yenye safu mbili: kushoto matukio, kulia tarehe za matoleo. Kushoto andika angalau haya. Tarehe 10 Mei 1848, Madai ya Taifa la Slovakia yanapitishwa Liptovský Mikuláš, vipengele 14, na muda mfupi baadaye serikali ya Hungaria inatoa hati za kuwakamata viongozi wake, Ľudovít Štúr, Jozef Miloslav Hurban na Michal Miloslav Hodža. Juni, Kongamano la Waslavi mjini Prague. Katikati ya Septemba, Baraza la Taifa la Slovakia linaundwa Vienna, na tarehe 19 Septemba huko Myjava linatangaza kuikana serikali ya Pest. Oktoba, vijana Viliam Šulek na Karol Holuby wananyongwa na upande wa Hungaria. Majira ya baridi, kampeni ya pili ya wapiganaji wa kujitolea wa Slovakia, safari hii pamoja na jeshi la mfalme wa Habsburg. Tarehe 5 Februari 1849, Wahungaria wanashinda kwenye njia ya mlimani ya Branyiszkó. Tarehe 14 Aprili, Debrecen inatangaza uhuru kutoka kwa ukoo wa Habsburg. Tarehe 28 Julai, bunge likiwa Szeged, linapitisha azimio la haki za mataifa madogo, majuma mawili tu kabla ya jeshi la Hungaria kuweka silaha chini huko Világos tarehe 13 Agosti.

Kalenda hii inabadilisha usomaji. Utani juu ya Štúr uliochapwa mwishoni mwa Mei ni utani juu ya mwanasiasa anayetoroka kukamatwa. Utani huohuo ukichapwa mwishoni mwa Septemba ni juu ya mtu aliyerudi na kikosi chenye bunduki. Baada ya kunyongwa kwa Šulek na Holuby, unasomwa na watu wanaojua kwamba mnyongaji ameshafanya kazi. Mtu anayenukuu sentensi bila tarehe hajasema chochote kuhusu dhihaka ya vita. Kumbuka pia kwamba Életképek ilitoka mara moja kwa wiki, hivyo pengo la siku kadhaa kati ya tukio na utani ni la kawaida. Usilisome kama ukimya.

Kwenye Arcanum, kosa la kwanza la kila anayeanza ni kutafuta kwa neno la leo, "szlovák". Magazeti ya wakati huo yaliandika "tót", neno ambalo leo Waslovakia hulichukulia kama tusi lakini ndilo lililokuwa la kawaida. Tatizo ni kwamba Tóth ni mojawapo ya majina ya ukoo yaliyoenea mno Hungaria. Ukitafuta tót* kwa nyota ili upate pia tótok na tótság, utafunikwa na kina Tóth. Wengi huongeza amri ya kuondoa "Tóth", nayo inaleta hasara nyingine: utafutaji hupima ukurasa mzima, kwa hiyo ukurasa wenye habari ya Waslovakia na tangazo la fundi aitwaye Tóth unatupwa wote. Badala yake tafuta kila umbo peke yake: tótok, tótokat, tótul, tótság. Ni kazi ndefu zaidi lakini haitupi kitu.

Majina ya viongozi yaliandikwa kwa masikio ya Kihungaria: Stúr, Hurbán, Hodzsa. Tafuta maumbo hayo pamoja na yale ya Kislovakia na yale yasiyo na alama juu ya irabu, kwa maana kompyuta inayosoma herufi kutoka kwenye picha ya karatasi kuukuu huzipoteza alama hizo kwa urahisi, huchanganya ő na ö, na "tót" huweza kugeuka "tól" au "tot". Ongeza "pánszláv", kwa sababu hofu ya Waslavi kuunganishwa na Urusi ndiyo iliyokuwa mafuta ya mashambulizi mengi. Tahajia ya zamani ilitumia cz mahali pa c ya leo, ndiyo maana mwezi wa Machi ni "márczius"; anayeandika "március" katika kisanduku hukosa kurasa nyingi.

Punguza muda: Mei hadi Desemba 1848 kwanza, kisha Februari hadi Julai 1849. Chagua gazeti moja kwa wakati. Soma picha ya ukurasa kila mara, siyo maandishi yaliyotolewa na kompyuta, maana katika dhihaka herufi iliyopotoshwa makusudi na herufi iliyosomwa vibaya na mashine hufanana kabisa. Na ukishakipata kipande, soma ukurasa wote, ulioutangulia na unaoufuata. Hilo peke yake linahalalisha gharama. Vyuo vikuu na maktaba nyingi za Hungaria hutoa Arcanum kwa wasomaji wao. Aliye mbali aandae kwanza orodha ya tarehe na maneno kutoka toleo la kitaaluma, ndipo alipie, asije akaunguza muda wa usajili kwa kupapasa.

Ukiwa na kurasa mkononi, swali la kuuliza kila kipande ni: anachekwa nani? Vichekesho vya Kihungaria vya karne ya 19 vilikuwa na Waslovakia wa aina tatu, na kuwachanganya ni kuharibu uchambuzi. Kuna kiongozi, kwa kawaida mchungaji wa Kilutheri au mwalimu, kama walivyokuwa Hurban na Hodža. Huyu huchekwa kwa tofauti kati ya ukubwa wa maneno yake na udogo wa jeshi lake, na hutuhumiwa kutumiwa na Vienna au Urusi. Kuna mkulima wa milimani, anayeonyeshwa kama mtu mwema aliyedanganywa. Huruma hii ina sumu yake, kwa kuwa inamnyima akili ya kudai kitu mwenyewe. Na kuna mchuuzi wa barabarani, ambaye msomaji wa Pest alimjua kwa macho.

Huyu wa tatu anahitaji kuelezwa, la sivyo utani hauonekani. Mafundi wa waya walitoka hasa milima ya Trenčín na Kysuce. Walitembea kwa miguu nchi nzima na zaidi, waya mgongoni, wakifunga vyungu vya udongo vilivyopasuka: waya unasukwa kama wavu kuzunguka chungu, unakazwa chini na kwenye ukingo, na chungu kinarudi jikoni. Wengine waliuza vioo vya madirisha, wengine kitani, wengine zafarani na mafuta ya dawa. Mwandishi alipotaka kumshusha kiongozi wa Slovakia, njia fupi ilikuwa kumvika nguo za mchuuzi: taifa zima likawa watu wa kupiga hodi mlangoni. Ukiona waya, kioo au kitani katika kipande kinachozungumzia siasa, simama hapo. Mwandishi anahamisha dharau ya kitabaka aiweke juu ya madai ya kitaifa. Kulikuwa hata na methali ya Kihungaria iliyosema uji si chakula na Mslovakia si mtu. Dhihaka ya vita ilikuta udongo uliokwisha kulimwa.

Silaha nyingine ni lugha iliyovunjwa. Kihungaria kina minyambuliko miwili ya kitenzi: látok ni kuona tu, látom ni kuona kitu maalumu kinachojulikana. Mslovakia anayejifunza Kihungaria huikosea tofauti hiyo, huacha vibainishi, na hubadilisha ö na ü kuwa e na i kwa kuwa lugha yake haina sauti hizo. Waandishi wa vichekesho waliyachukua makosa haya na kuyazidisha. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kulisikia jambo hili akifikiria mtu asemaye "mimi naona yeye" mahali pa "ninamwona": maana inafika, ila kila sentensi inamtangaza msemaji kuwa mgeni. Tafsiri ya kompyuta huharibu kabisa sehemu hizi. Hurekebisha kosa kimyakimya na kukupa sentensi safi, na hapo kejeli yote imefutwa. Njia ya kuzuia hilo ni kuandika upya sentensi kwa mkono, kuweka mstari chini ya kila umbo lililopotoshwa, kisha kuitafsiri pamoja na orodha ya makosa yake.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata waandishi wazoefu. Mslovakia maarufu kuliko wote katika kazi za Jókai ni Zebulon Tallérossy, bwana wa kaskazini mwenye lafudhi nzito, anayeyumba kati ya pande mbili. Yumo katika riwaya A kőszívű ember fiai, inayosimulia vita vya 1848–1849, lakini riwaya hiyo ni ya 1869. Si uandishi wa wakati wa vita. Vivyo hivyo na michoro ya mapigano aliyoichapa mwaka 1850 kwa jina la Sajó, na utani wa jarida lake la Üstökös, lililoanza 1858. Zebulon ni mtu wa kupendwa kwa kiasi fulani. Ana hofu, ana tamaa, anachekesha kwa ubinadamu wake. Huo ni mtazamo wa mwandishi aliyetulia miaka ishirini baadaye, baada ya maridhiano ya 1867 kati ya Hungaria na Vienna. Kuurudisha nyuma hadi 1848 ni kumpamba Jókai kijana kwa upole ambao hakuwa bado nao. Na kumhukumu mzee kwa makali ya safu za 1848 ni kosa lilelile lililogeuzwa.

Maktaba za bure zina kazi tofauti. Magyar Elektronikus Könyvtár ya maktaba ya taifa ya Hungaria inatosha kwa riwaya na hadithi za Jókai. Kwa upande wa pili nenda DIKDA, hifadhi ya Maktaba ya Taifa ya Slovakia iliyoko Martin, ukatafute gazeti la Štúr, Slovenskje národňje novini, lililotoka Pozsony tangu 1 Agosti 1845 hadi 9 Juni 1848. Angalia tahajia: Štúr hakutumia y, kwa hiyo andika "novini" wala si "noviny". Tarehe ya mwisho ya gazeti hilo ina uzito. Kuanzia Juni 1848, wakati tashtiti za Pest zikipamba moto, Waslovakia hawakuwa na gazeti lao la kisiasa la kujibu. Slovenské noviny lilianza Vienna Julai 1849, vita vikielekea ukingoni. Anayesoma upande mmoja hudhani kwamba upande wa pili haukuwa na la kusema. Kwa taarifa za jeshi la mfalme tumia ANNO ya Maktaba ya Taifa ya Austria, ambako Wiener Zeitung inasomeka yote. Jiandae kwa herufi za Kijerumani za zamani, ambazo s yake ndefu hufanana na f.

Hakuna kati ya njia hizi inayokuonyesha moja kwa moja kitu ambacho dhihaka haikukipa nafasi: Waslovakia waliovaa sare za jeshi la Hungaria. Idadi yao ilizidi ile ya waliomfuata Hurban. Walipigana chini ya bendera ya watu waliokuwa wakiicheka lafudhi yao. Watafute katika taarifa za kijeshi na orodha za vikosi vya kaunti za kaskazini, kisha zilinganishe tarehe hizo na safu ya kulia ya kalenda yako.

Kwa mwalimu anayetaka somo moja la darasani, juzuu ya 1967 na kurasa sita au saba za Életképek zinatosha. Kwa anayeandika tasnifu, nunua juzuu ya pili na ya tatu, azima ya kwanza, maliza kazi ya DIKDA na ANNO kwanza kwa kuwa hailipiwi, halafu chukua usajili mfupi kabisa wa Arcanum unaopatikana, ukiwa na orodha ya tarehe mezani.